Unalipia Kupanda Mlima wa Watu, Nakijwa?

Mjukuu wangu Nakijwa,

Huna adabu. Salamu nitakupa nikikuona. Barua yako imenikalisha chini kizingitini, ufagio mkononi, na makande yakaungulia jikoni mpaka jirani akanipigia kelele.

Unajua mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mpaka leo nasoma kwa kidole. Nikaona umeandika kwamba mwisho wa juma mnatoka mjini huko Uingereza, wewe na wenzako wa chuo cha uuguzi, mnakwenda shamba, na mtalala kwa mkulima. Moyo ukanilipuka. Nikamkumbuka baba yako mdogo Mbazi, mwaka ule aliposhikwa Dar es Salaam kwa kuwa hana kazi, akapakiwa kwenye lori na wazururaji wenzake, wakapelekwa vijijini kulima. Nikasema, basi na Waingereza nao wameanza. Mjukuu wangu kakamatwa.

Nililia kwa sauti. Mama Elieza akaja mbio, akawaita na wengine. Jioni uani palikuwa kama msibani. Huyu kaleta ndizi, yule kaleta sukari kwenye karatasi, mzee wa kanisa akamwomba Mungu akulegezee ardhi ya huko. Mbazi akakaa karibu yangu akilia, ananiambia nikuandikie usibishane na msimamizi, na ukilala ufiche viatu.

Kesho yake mwalimu wa shule ya msingi akaja, akaisoma barua yote polepole. Akasema, "Bibi, hakukamatwa. Anakwenda kupumzika."

Kupumzika wapi? Shamba. Kufanya nini? Kupanda vilima na kutazama kondoo, kisha asubuhi kula mayai ya mwenye nyumba. Nikamwuliza anayelipwa ni nani, akasema ni mkulima. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, ikawa vilevile. Watu wakatazamana. Mama Elieza akaulizia ndizi zake.

Nakijwa, umesahau? Wewe ndiye niliyekuwa nashuka naye Makanya miaka ile duka la ushirika lina rafu tupu, tunafua kwa majivu, na tukisikia tu kwamba sukari imefika bondeni tunaondoka kabla ya jogoo. Siku moja wakati wa kurudi ulikaa juu ya jiwe ukagoma. Ukaniambia, "Bibi, nikiwa mkubwa sipandi mlima tena, hata rais aniite." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikakubeba mgongoni, sukari kichwani, nikakwambia basi soma. Ukasoma. Sasa sukari ipo, sabuni za kila rangi zipo, na Mbazi mwenyewe anauza mitumba na soda. Kilichoadimika hapa ni wewe.

Hata hilo la kondoo ningelimeza. Lililoniua liko mwishoni mwa barua: Desemba huji, nafasi hakuna. Nafasi ya vilima vya watu ipo, ya kwetu hakuna!

Na unajua nilikuitia nini. Shamba la marehemu baba yako, lile la juu ya mfereji, halina karatasi. Lina masale aliyopanda babu yako mipakani, basi. Na mrithi sharti auzunguke mpaka kwa miguu yake mwenyewe, sale hadi sale, mbele ya mtu aliyeona yakipandwa. Babu yako alitamka kwamba kwa kuwa baba yako hakuacha mtoto wa kiume, shamba ni lako. Aliyeona yakipandwa, akamsikia babu yako, na bado yuko hai ni Mzee Kirigha peke yake, naye siku hizi macho yanamwishia, hatoki nje mpaka ashikwe mkono.

Mwalimu alipomaliza kusoma, Mbazi alifuta yale machozi aliyokuwa anakulilia. Akasema mbele ya wote, "Mnaona wenyewe. Mwenye kukodi shamba la kutembelea, la kulima la nini?" Mimi, na mdomo wangu huu, nikaokota ufagio nikafagia uani. Jana nimekuta sale moja la upande wa juu limeng'olewa, shimo bado bichi.

Nimelirudisha, nikashindilia udongo kwa kisigino. Lakini kukanyaga kwangu hakuhesabiwi. Mimi niliolewa hapa, wewe ndiye damu yao. Nimekukasirikia kuliko ninavyoweza kuandika, na bado kila nikipakua nakutengea ukoko, kama zamani, mpaka kuku wanakuja kuula.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, kabla hujaenda wodini, ingia kwa mkubwa wako uombe likizo. Usiniandikie kwamba umeomba, njoo. Ukifika usiingie kwa Mbazi hata kunywa maji. Pitia kwa Mzee Kirigha, umwamkie vizuri, umshike mkono mje naye shambani, na uukanyage mpaka wako angali anaona.

Bibi yako, mama mzazi wa baba yako.