Nusu Kila Saa Sita

Jumatatu, 3 Juni 1974
Nimemaliza jedwali la kesho. Kitabu cha logi ninachopigia hesabu kimeanza kuachia kurasa.
Saa mbili asubuhi Baba hukamua dawa ya mionzi ya kupigia picha kutoka kwenye chombo kizito ambacho hospitalini kwake wanakiita ng'ombe. Dawa hupungua yenyewe, inabaki nusu kila saa sita. Ng'ombe naye anachoka kila siku. Mita ya kupimia imekufa, vipuri hakuna. Kwa hiyo jedwali jipya kila siku: saa fulani, vuta mililita kadhaa. Bwana aliyekuwa akipiga hesabu hizo alivuka mpaka mwaka jana, hakuaga. Sasa napiga mimi. Nina miaka kumi na sita. Zaidi ya Baba hakuna anayejua.

Jumanne, 4 Juni
Mwalimu aliuliza swali la fizikia. Jibu nilikuwa nalo. Nikatazama dawati.
Jedwali nimelifanyia shuleni, wakati wa chakula. Kesho anapigwa picha mke wa meja, ana uvimbe shingoni. Baba kapiga pasi koti lake mara mbili.

Jumatano, 5 Juni
Baba hakula.
Mke wa meja aliletwa saa nne, askari wawili mlangoni. Mashine ya picha ilihesabu mionzi maradufu ya kawaida. Daktari akauliza nani kachezea dawa. Askari mmoja akasema hujuma. Ijumaa wanataka maelezo.
Nimelitazama jedwali. Kumi: 0.8. Nne: 1.6. Siku zote naandika saa za nyumbani. Jana nilikuwa na sare, nikaandika za shule, za Kiingereza. Nne yangu ilikuwa ya alasiri. Baba alisoma nne ya asubuhi. Zinapishana saa sita, na saa sita ni nusu. Amemdunga kipimo maradufu.
Ni mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwambia Baba. Akauliza nani mwingine ameiona karatasi. Nikasema hakuna.
"Basi kosa ni langu," akasema, akaipeleka kwenye makaa ya sigiri.
Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Halafu nikaona: karatasi ikiungua, inabaki hujuma tu. Nikaishika. Pembe moja imeungua.

Ijumaa, 7 Juni
Nilikwenda na sare. Askari walikuwapo, mke wa meja pia, kakaa kwenye benchi. Sauti ilikataa, nikamwonyesha daktari kwa kidole: kumi, nne. Kisha ikatoka, ndogo. Nikaeleza yote, na kwamba hesabu ni zangu. Baba alitazama sakafu.
Daktari alisoma mara mbili. Akasema kipimo kile hakitamdhuru mama huyo.
Mke wa meja akacheka.
"Bwana yangu aliniacha Entebe masaa sita juu ya hiyo mambo ya saa," akasema. "Nitamwambia ni saa."
Askari hawakucheka. Mmoja aliandika jina la Baba.

Jumapili, 9 Juni
Hadi Ijumaa asubuhi dawa ya mke wa meja ilikuwa imegawanyika nusu mara nane. Shingoni mwake ilibaki sehemu moja kati ya mia mbili hamsini na sita. Leo hakuna kitu.
Jedwali la kesho lina safu mbili, saa za nyumbani na saa za shule. Daktari atalikagua kwanza.
Gari la jeshi lilipita njia yetu mchana. Halikusimama.
Baba amekula.