Amefika au Imefika

Jumanne, 3 Juni 2025

Punje za mpunga zimeanza kujaa maziwa na kweleakwelea wameshaambizana. Wiki ya tatu sasa tunafukuza ndege. Kuamia ndege — ndilo neno lenyewe, lakini hapa Budalang'i ukilisema unaulizwa ni Kiswahili cha wapi. Miaka thelathini na moja nimefundisha somo hili na majirani bado wananishinda! Wacha tu.

Daftari la zamu liko kwangu, mimi ndiye katibu wa mradi wetu wa mpunga, na mashamba yote ni ya mradi. Wilkister amekosa mara mbili. Nyonga haijapona tangu boda imwangushe. Akikosa ya tatu, shamba linaenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya kungoja. Kanuni ni hiyo. Na mwenyekiti wetu ni Oduori, na wa kwanza kwenye orodha ni shemeji yake. Nasema tu.

Shamba lenyewe aliachiwa na marehemu mumewe. Hana lingine.

Jumatano, 4 Juni

Nimeenda kumwona. Zamu yake ni Ijumaa na hana wa kumtuma. Watoto wako shule, wakubwa kila mtu yuko shambani kwake na kopo lake la kutishia ndege. Mimi nina roho juu, yeye anacheka! Ati mkwe wake Omagor, yule fundi wa umeme wa malori kule Malaba, anamletea mtu.

Mtu gani? Utaona, mwalimu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeona. Haki ya Mungu nimeona!

Kimekuja kwa boda, kimefungwa kwa mipira. Mlingoti wa chuma. Mikono miwili inayochezeshwa na mota ya waipa ya lori, ile ya kufuta kioo, makopo yananing'inia. Betri, sola kidogo. Na kile kijicho cha taa za usalama, kinachoona mtu akipita. Omagor alibaki barabarani — mkwe hasogei karibu na mama mkwe — akapaza maagizo kutoka huko, na mkewe Vivianne, binti ya Wilkister, akayafuata ndani ya matope.

Ndege wakashuka. Kijicho kikawaona. Mikono juu, makopo kwaa-kwaa-kwaa — wote angani! Watu wakapiga vigelegele. Hata mimi.

Oduori akaja pole pole. Andika Wilkister hayuko, mwalimu. Nikasema amewakilishwa. Na nani? Na hiyo roboti. Kanuni yetu inasema mwanachama afike mwenyewe au atume mwakilishi. Niliiandika mimi, kwa mkono huu. Sikuandika mwakilishi awe na damu.

Basi, kazi ikasimama. Oduori: hiyo ni sanamu ya kutisha ndege, hata babu zetu walikuwa nazo. Vivianne: sanamu haioni, roboti inaona, inaamua, inafanya. Mzee Oundo, aliyeendesha malori mpaka Lusaka, akaapa kwamba huko roboti ni taa za barabarani, nyekundu na kijani. Kwa hivyo hii ni taa? Mwingine akauliza, simu yangu inaniamsha alfajiri, nayo ni roboti? Nabwire akadakia: na mume wangu, asiyeamka mpaka asukumwe, huyo tumwite nini? Tulicheka mpaka ndege wakarudi.

Oduori hakucheka. Akaniuliza mbele ya watu: mwalimu, roboti amefika, ama roboti imefika? Kama ni imefika, hiyo ni kama jembe. Na jembe haina zamu.

Pah! Amenishika kwa somo langu mwenyewe. Nikamwambia hapa watu husema ng'ombe imelala, na ng'ombe ana uhai. Akasema, mimi ni mkulima, wewe ndiye mwalimu. Andika inavyofaa, tutasoma kwa kikao Alhamisi.

Mstari wa Wilkister nimeuacha wazi.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nilitoa kitabu changu cha sarufi kwenye sanduku. Malaika amefika. Malaika hana damu wala mifupa, na bado ni *a-*. Shetani vilevile. Nikafurahi sana.

Halafu nikakumbuka gari. Gari linatembea, lina macho mawili ya taa, linapiga kelele kuliko Nabwire. Na hakuna aliyewahi kusema gari amefika.

Ukweli ni kwamba mwanafunzi akiniandikia "roboti amefika" ningemkata alama. Kwa wino mwekundu. Naijua hiyo. Roho inaniuma.

Jumatatu, 9 Juni

Mashine imefukuza ndege, mbuzi watatu, na mhubiri aliyepita na kengele.

Jumatano, 11 Juni

Wilkister amekuja mpaka kwangu na fimbo yake, mwendo wa saa nzima kwa mtu wa nyonga. Hakutaka chai. Akasema: mwalimu, usiandike uongo kwa ajili yangu. Akageuka aende. Akasema: lakini usinimalize.

Nilimsindikiza mpaka njia panda na nikarudi nalia.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao hakikufanyika. Tulikuwa ndio tunaketi pembeni mwa mashamba mvua ikashuka, mfereji ukafurika, mlingoti ukaanza kuinama kuelekea majini. Sisi tumeduwaa. Aliyekimbia ni nani? Oduori! Na viatu vyake vya kikao! Akaukumbatia ule mlingoti, matope magotini, akapiga kelele:

"Jamani, anaanguka! Mshikeni! Mshikeni!"

Anaanguka. M-shikeni. Watu wote walisikia. Vivianne alifunika mdomo. Oduori mwenyewe alijisikia, akaniangalia mimi, lakini hakuachilia.

Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, na kabla ya kubadilisha nguo nimefungua daftari. Mstari wa Wilkister sasa una maneno ya mwenyekiti, kama alivyoyasema, na jina la Oduori pembeni. Uongo uko wapi?

Saa kumi na moja — Oduori huyu hapa mlangoni! Bado ana matope. Nimemkaribisha, nimempa chai. Akaanza: "Mwalimu, yule..." Akakohoa. "Ile..." Akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Nimeingia chumbani kidogo, nimesema natafuta miwani. Bado namsikia anakoroga. Daftari nimeliacha wazi mezani mbele yake, kwenye mstari wa Wilkister. Kusoma anaweza, kukata hawezi: kalamu ndiyo hii ninayoandikia.