Kidimbwi cha Baba Sebuleni

Migosi,
Kisumu.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Gordon,

Pokea salamu zetu sote, na kabla sijaenda mbali niambie: kile kikohozi kiliisha? Na hilo joto la Doha linakuacha ulale? Mkeo Sheryl anasema umekonda kwenye picha. Mimi nasema ulizaliwa umekonda, lakini kula, tafadhali. Huku mvua imenyesha mpaka nguo hazikauki, goti langu linauma kama kawaida yake, na nyanya ninazouza pale soko la Otonglo zinasukuma siku. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio sio.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nyumba yangu unajua ilivyo ndogo, na tangu Baba apofuke, masikio yake yanasikia hata mawazo. Haya sitaki ayasikie. Ndiyo maana nimempa Shakir, mtoto wa jirani yangu Mama Habiba, anayerudi huko kazini, akupe mkononi.

Unakumbuka kwa nini tulimtoa nyumbani Seme. Alikuwa akiamka na kushika njia ya ziwani peke yake, haoni mbele wala nyuma, mpaka wavuvi wakamkuta siku moja maji yamemfika kifuani. Tukamleta Migosi ili aishi. Alichofanya hapa ni kukaa tu. Chakula alikidonoa, na nikimuuliza anataka nini aliniambia hataki kitu. Mzee wetu, Gordon, ambaye akiita mtumbwi ufukweni alisikika hadi kanisani.

Kisha ukatutumia ile picha ya hoteli unayofanyia kazi: kidimbwi ndani ya ukumbi, samaki wanaogelea, wageni wanakunywa kahawa. Nilicheka, nikasema hao watu hawajui njaa. Lakini wazo halikunitoka. Mwishowe nikamwita fundi Wechuli, tukaondoa kochi kubwa, akajenga ukuta wa matofali unaofika magotini pale chini ya dirisha, akatandika turubai zito ndani na mchanga juu yake. Pampu ndogo ikawa inarusha maji yasikae kimya. Majirani walikuja kuchungulia, na mmoja akauliza ubatizo unaanza lini.

Samaki wa kwanza, ngege wa ziwani, walikufa kwa sababu nilijaza maji ya mfereji moja kwa moja, dawa iliyomo ikawamaliza. Tukajifunza kuyalaza maji kwanza kwenye pipa lililo wazi. Wale wanne waliofuata wakaishi, na Baba naye akaanza kuishi. Alivuta kiti, akatia mkono majini, akakaa hivyo asubuhi nzima. Aliwajua kwa vidole. Mkubwa wao alikuwa na mkia uliochanika, nadhani kwa wavu, na ndiye aliyekuja kumnyonya kidole. Baba akaanza kusimulia habari za ziwa. Akaomba uji wa pili. Akanitania kwamba mboga zangu zina chumvi ya kumkaanga shetani. Nilidhani Mungu ametukumbuka.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Sheryl alitutembelea akiwa na unga wa mtama, nami nikaondoka asubuhi kwenda sokoni. Sikumwambia neno kuhusu wale samaki, maana sikufikiri kuna la kuambiwa. Lakini kwetu, samaki aliye hai ndani ya nyumba si anangoja sufuria? Mama yetu mwenyewe alikuwa akiweka kamongo kwenye beseni mpaka wageni wafike. Mke wako aliona baba mkwe amewekewa sukuma wiki na ngege wanaogelea pale pale, akafanya alivyofunzwa kwao. Aliwapika wote.

Nilipokelewa na harufu mlangoni. Baba alikuwa mezani, na mbele yake yule mkubwa, mzima, kichwa hadi mkia, kama anavyowekewa mwenye boma. Sheryl alisimama kando na jagi la maji ya kunawa. Niliona vidole vya Baba vikifika kwenye mkia. Vikasimama. Vikapapasa pale palipochanika, vikarudi kupapasa tena.

Unajua mambo ya kwetu. Mzee akirudisha sahani ya mke wa mwanawe, mwanamke huyo hana tena pa kuweka uso. Baba alikata tonge, akala. Alikula mpaka kichwa, akanyonya mifupa, nami nimesimama na kapu langu mkononi. Akanawa. Kisha akamwita Sheryl kwa jina la kwao, kama afanyavyo akifurahi. "Nyar Ugenya, binti wa Ugenya, erokamano, asante. Umepika vizuri."

Sheryl nilimweleza baadaye. Amelia mpaka macho yakavimba, na amerudi Seme. Usimgombeze kwenye simu. Nimeshamgombeza mimi na nimejuta, kwa sababu hakuna aliyekusudia ubaya.

Nilienda kumwambia Baba kwamba nitaleta ngege wengine. Nikamkuta amegeuza kiti, amekipa kidimbwi mgongo. Akasema, "Nyathina, mwanangu, mwaga hayo maji. Yataleta mbu."

Tangu hapo hajatia mkono majini wala tonge mdomoni, ila chai kidogo nikimlazimisha. Daktari haoni ugonjwa. Mchungaji ameomba. Mimi nimekata tamaa, Gordon, sitakudanganya. Nilimtoa ziwani asife, na sasa naona anakufa kitini, kwa adabu, bila kumsumbua mtu.

Msalimie binamu yetu Ondiek mliye naye huko. Binti yangu Lornah anakusalimu, na Mama Habiba pia. Baba nilimuuliza kama ana salamu zako. Alisema uko mbali.

Maji sijayamwaga. Pampu bado inaunguruma, naye anaisikia. Sijawahi kukataa neno la Baba maishani mwangu, na hili sitaweza kulikataa kwa muda mrefu. Omba ruhusa kazini, uje ukae kando yake. Uje kabla sijamtii.

Mungu akufungulie njia.

Wako akupendaye,
dada yako Aloo