Kiingereza cha Shangazi

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeona mtu mzima akipigwa kwa kusema asante. Kweli! Meneja alikuwa anapita kwenye mkanda unaopitisha kuku hapa kiwandani, akamwokotea kofia baba mmoja wa kitengo cha manyoya. Yule baba akamshukuru kwa Kiingereza, neno nililomfundisha wiki iliyopita. Meneja kutoka tu—paa! Msimamizi kamzaba kofi na glavu yake mbichi, damu ya kuku ikaruka mpaka kwenye daftari langu. Ukitaka kuongea na mkubwa, kasema, unapitia kwangu.

Msimamizi huyu tunamwita Spika. Ni mtu wa kwetu, Kiswahili chake na changu ni kimoja. Yuko nchi hii mwaka wa kumi na moja, na yeye ndiye anayewatafsiria wafanyakazi wote. Meneja anasikia kile tu ambacho Spika ameamua asikie. Sasa mimi na darasa langu la Kiingereza la saa nane mchana, pale bwaloni kati ya zamu mbili, tumemkalia kooni.

Nivumilie tu. Masomo matatu ya kukaguliwa, basi, cheti cha ualimu mkononi. Miaka tisa nimefundisha Kiingereza nyumbani, huku wanasema bila karatasi yao mimi si mwalimu. Haya. Kila somo lisainiwe na Mkufunzi wa chuo au Meneja wa kiwanda. Mama kapiga simu—kumbe ameshautangazia mtaa mzima kwamba nasomea uprofesa!

Jumatano, 5 Februari

Shangazi kabaki baada ya darasa. Wote wanamwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Anakata mapaja ya kuku, na ukimtazama akikata utadhani kisu kimeota mkononi. Kavua glavu. Kidole cha shahada cha kushoto kimeishia kwenye pingili ya kwanza.

Mashine. Kinga yake ilivunjika, wiki nzima hawakuitengeneza, na alimwambia Spika mara tatu. Halafu akanipa barua ya kiwanda, ya Kiingereza, nimsomee, miezi mitano anatembea nayo bila kujua ina nini. Nikasoma. Imeandikwa kwamba siku ile alikuja kazini amelewa. Spika ndivyo alivyomtafsiria Meneja.

Kaikunja barua. Kisha: "Mwalimu, mimi pombe hata harufu yake siijui. Nifundishe kusema hivyo. Nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Sentensi nne. Tumeanza leo leo.

Ijumaa, 7 Februari

Mkufunzi kaja kukagua. Somo langu: kueleza ajali kazini. Shangazi kasimama kama anaapishwa—na badala ya kusema hakuwa amelewa, "drunk" ikamtoka "duck", akasema yeye si bata! Bwalo zima hawana mbavu. Baba wa manyoya kalia machozi, eti ni kweli, mimi shahidi, Shangazi si bata. Mara ya tatu kapatia. Makofi!

Mkufunzi kasaini, kasema hajaona darasa lenye haja ya lugha kama hili. Bado mawili.

Spika alisimama mlangoni muda wote. Hakucheka.

Jumatatu, 10 Februari

Jino la mbele linacheza. Naandika huku nimeuma kitambaa.

Spika kaja nikiwa napanga viti. Kafunga mlango. Akanishika shingo kwa nyuma, jinsi wanavyoshikwa kuku, akanibamiza uso kwenye ubao. Mara moja. Akanirudisha nyuma anitazame, akabamiza tena. Sikupiga kelele—sijui kwa nini. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Dada yangu, kasema, wafundishe rangi na siku za wiki, mengine niachie. Ukiendelea, Meneja atasikia kwamba unachochea mgomo. Na atasikia kutoka kwa nani?

Kisha akafuta damu yangu ubaoni kwa mkono wa koti lake. Taratibu, mpaka pakang'aa.

Jumanne, 11 Februari

Nimefundisha rangi. Nyekundu, kijani, manjano.

Shangazi kanitazama mdomo. Kaandika rangi zote.

Najichukia.

Alhamisi, 13 Februari

Lazima niandike, nisije kesho nikaanza kujidanganya.

Saa saba na nusu watu walikuwa wanakula. Meneja kaingia bwaloni kuangalia taa iliyoharibika, Spika nyuma yake. Shangazi akainuka. Aproni bado imelowa. Akamwendea Meneja, akasimama mbele yake, akasema zile sentensi nne. Zote! Kinga ilikuwa imevunjika. Nilimwambia msimamizi mara tatu. Sikuwa nimelewa. Naomba uiandike upya barua yangu.

Meneja kaelewa. Nimemwona usoni. Kamgeukia Spika, kamuuliza: ni kweli? Spika kacheka kidogo, akamshika Meneja bega, akamtoa nje kama unavyomtoa mgeni aliyekosea nyumba. Mlango ukafungwa. Akarudi peke yake.

Kiunoni huwa ananing'iniza chuma cha kunolea visu. Akakichomoa, akampiga nacho Shangazi taya. Mlio ule naujua. Kila siku nausikia kwenye mkanda, paja linapoachana na kiungo chake. Shangazi kaanguka juu ya viti. Akampiga mkono. Akampiga mbavu. Akawa anauliza, kila pigo na swali lake: "Nani anakusemea? Nani anakusemea?"

Watu arobaini, kila mmoja na kisu kiunoni. Hakuna aliyenyanyuka.

Birika la umeme lilikuwa limetoka kuchemka, mimi mwenyewe ndiye niliyeliwasha. Nikalishika kwa mikono miwili. Nikamwendea kwa nyuma, nikammwagia lote kisogoni.

Alipiga yowe hata hakugeuka. Alikwenda chini. Hapo ndipo bwalo likainuka lote, buti za chuma, mateke, Spika akawa hana pa kuficha uso. Ningeweza kusema acheni. Wangenisikiliza, mimi ni mwalimu wao. Sikusema. Nilisogea nikampiga teke la mbavu, halafu lingine—na nilisikia raha. Naandika: raha. Baba wa manyoya ndiye aliyenishika kiuno akanivuta. Basi, Mwalimu, anasema, basi, utaua.

Ijumaa, 14 Februari

Wamehojiwa wote. Wote hawakuona. Walikuwa wameinamia sahani zao, watu arobaini! Spika yuko hai, shingo na mgongo vimebabuka, mbavu tatu zimevunjika. Aliyemmwagia alikuwa nyuma yake, hakumwona. Hata hivyo Spika kawaambia polisi ni Shangazi.

Nani katafsiri mahojiano? Mimi. Hakuna mwingine. "Hatukuona," nikasema kwa Kiingereza, mara arobaini. Mimi mwenyewe sikuulizwa. Nani amuulize mkalimani?

Kisha Meneja kaniita ofisini, kafunga mlango. Mambo haya yaishe haraka, kasema. Mwanamke mwenye hasira kamshambulia msimamizi. Habari za kinga ya mashine hazina haja ya kuingia humo. Akavuta fomu zangu za chuo, akasaini masomo mawili ambayo sijayafundisha. Akaniambia nafasi ya Spika iko wazi.

Fomu nimezichukua.

Jumatatu, 17 Februari

Hospitali, ghorofa ya tatu, kwenye benchi la korido. Askari kaenda kutafuta fomu ya maelezo. Nina dakika chache.

Taya la Shangazi limefungwa kwa waya. Hawezi kusema chochote. Askari akaniagiza nimuulize: maji ya moto nani aliyamwaga? Nikamuuliza. Kiswahili kilinishinda, Mungu wangu, lugha ya mama yangu, ikanibidi nirudie mara mbili.

Kanitazama sana. Kaomba kalamu. Kaandika polepole, mkono wa kulia umevimba mpaka kwenye kiwiko. Karatasi ninayo hapa:

"Ni mimi niliyemwaga maji yale. Nilikuwa na akili zangu timamu. Mwalimu, wewe nenda kamalize cheti, urudi uwafundishe wale waliobaki. Wasipate Spika mwingine."

Askari kasema fomu ikija nitamsomea karatasi hii kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama vile ni Shangazi anayeongea. Ndivyo ukalimani ulivyo, kasema—usiongeze, usipunguze. Atayaandika hivyo hivyo, na nitaweka sahihi.

Nimejaribu kimoyomoyo. Sentensi ya kwanza ni rahisi mno, hata darasa la wanaoanza lingeiweza. Ni mimi niliyemwaga maji yale. Nikiisema kwa sauti yangu, nikanyamaza hapo, nisiendelee na ya pili, itakuwa ni mimi ninayekiri—

Mlango uko wazi. Shangazi ananiona kutoka kitandani. Anatikisa kichwa: usifanye.

Askari anakuja, ananiuliza kama niko tayari.