Ukungu Kwenye Mrija Wako

Baba,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani Murungu. Mama anakula, kidogo kidogo. Matanga yalipoisha watu walirudi makwao, nikabaki na lile begi lako la maji, la plastiki, la kubeba mgongoni lenye mrija, ulilopewa na mpima msitu uliyemwongoza hadi kwenye mizinga yako ya nyuki.

Ulirudi nalo siku ile uliyolala usiamke. Lilikuwa na maji nusu. Nililitundika ukutani vilevile, sikuthubutu kumwaga. Haya Baba aliyanywa, nilijiambia, mdomo wake ulikuwa hapa. Ungenicheka.

Halafu ukungu ukaingia. Kwanza madoa meusi kwenye mrija, kisha utando wa kijani pembeni. Nikakumbuka ulivyojaza rubisi humo, ukisema sisi pombe ya ndizi tunainywa kwa mrija tangu babu zetu, kwa hiyo begi hili lilitengenezwa kwa ajili yetu. Liliota ukungu, likanuka hadi nyuki wakakukimbia, au ndivyo ulivyodai. Ukakaa uani ukanifundisha: maji ya vuguvugu na magadi, waya wa breki ya baiskeli wenye kitambaa upite ndani ya mrija, kisha litundikwe mdomo chini na kijiti ndani ili pande zisigusane. "Likiwa na unyevu bado ni chafu," ulisema, ukiwa umekunja uso kama mwalimu.

Sasa msimu wa kurina asali umefika, na mizinga ni yangu. Huko juu msituni hakuna maji, bila begi siendi popote. Mama alinikuta nimesimama mbele ya begi nikilitazama. "Umva mwana wanje, sikia mwanangu," akasema, "mwaga. Baba yako hayumo humo." Nilimkasirikia sana.

Kisha nikamwaga, kwenye migomba. Nililia huku nikisugua, na nilisugua vizuri, hadi mrija ukapitisha mwanga.

Kesho naingia msituni. Nakuahidi mizinga yako haitakosa mtu, na begi nitalikausha kila nikirudi. Leo nimelijaza nikaonja kwanza. Nilitegemea kitu fulani, sijui nini. Yalikuwa maji tu, Baba. Nimeyanywa hivyohivyo.

Lala salama.

Binti yako,
Adela