Mume Wangu Ndiye Atakayeijaribu Bunduki ya Marehemu

Mama Valary,

Nisaidie kabla sijararua mtu, nakuandikia kwa simu nikiwa nimekasirika, kwa hivyo ukipata makosa usinicheke, mimi ni mama wa watoto watatu huku karibu na Sosiot, mume wangu Phelix ni fundi wa mashine kwa kiwanda cha majani chai, na huo ufundi wake watu wanausifu kila siku ndio utaniletea kifo kwa nyumba.

Kuna mzee mmoja wa Chebunyo anaitwa arap Chumo, lori lake ndilo linaleta kuni za boila, ile ya mvuke hapo kiwandani. Huyo mzee wakati wa fujo za uchaguzi, watu wetu wa kutoka upande wa ziwa wakifukuzwa, alitubeba chini ya turubai ya hilo lori akatuficha kwake mpaka kukatulia, Dolphine wangu nilikuwa bado namnyonyesha, na tangu siku hiyo Phelix hawezi kumwambia Chumo hapana, hata akiambiwa aingie ndani ya boila ataingia akisema asante.

Sasa Chumo ana bunduki kuukuu ya kuwinda, babake aliachiwa na mzungu fulani aliyekuwa akilima huku zamani, na ile kasha ya kukaa risasi, wanaita magazini, ilipotea, na anasema aina hiyo haitengenezwi tena popote duniani, na fisi wanamaliza ndama zake, basi akamletea nani? Akamletea Baba Dolphine! Leseni iko, nisimsingizie mzee, nimeiona na macho yangu, ni ya marehemu babake, wameiweka kwa fremu ukutani kando ya picha ya harusi.

Mama Valary, meza yangu ya chakula imekuwa karakana. Mtu anatoka kazini hata maji hanywi, anakata bati, anakunja, anapiga tupa, watoto wanakula ugali na unga wa chuma, nikisema naambiwa "Wewe Janeffer hujui hii ni heshima gani." Heshima! Halafu Chumo akaleta mkebe wa mafuta ya kupikia umejaa risasi za kila aina, zingine za huyo babake zimeota kutu ya kijani, zingine ati za rafiki, rafiki gani, hasemi. Nikauliza Phelix, utajua aje ni gani ya hii bunduki? Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Mama Dolphine, kwa kiwanda beringi ikiingia bila kulazimishwa, hiyo ni yake. Chuma ni chuma." Nikahisi kama nitamrushia sufuria.

Na mafundi wa hapa wana desturi yao, ukitengeneza mashine ni wewe unaiwasha kwanza, wenzako wakiwa wamesimama mbali, ndio ujulikane unaamini mkono wako. Kwa hivyo Chumo amesema Jumamosi hii wanaenda kwake na Phelix ndiye atapiga risasi ya kwanza. Na huyo mjinga anafurahi! Amepiga pasi shati!

Nilimpigia mama mkwe anisaidie kuongea na mtoto wake, akaniambia mke mzuri hamtangazi bwana. Nilimwambia mchungaji akasema tuombe. Basi nikajisaidia mwenyewe. Phelix akiwa kazini nilichukua huo mkebe, na hiyo magazini nikatia ndani, nikafunga na kitambaa nikapelekea rafiki yangu Nyakerario, huyu Mkisii tunachuma naye majani, nikamwambia ni dawa ya kupe asifungue watoto wasiguse, naye masikini akaipandisha darini juu ya jiko lake, pale anakaushia mahindi, mahali watoto hawafiki.

Sasa Phelix amerudi amekosa vitu vyake, na amemshuku ndugu yake Clifford tunayekaa naye, anasema Clifford ameuza, jana amemkaba shati mbele ya majirani, na Clifford ameanza kufunga nguo zake aende. Mimi nimenyamaza tu kama sanamu. Nikirudisha, Phelix atakufa ama apofuke. Nikienda polisi, Phelix atafungwa, na mzee aliyetuokoa pia afungwe kwa mkono wangu, na watu watasema ona hawa, uliwaficha sasa wamekushukuru. Niambie nifanye nini, lakini usiniambie niombe.

Mke wa Fundi

JIBU

Mke wa Fundi, barua yako ilikuwa ingoje zamu yake wiki mbili. Nimeitoa kwenye foleni, nimekupigia simu na hukushika, nimekutumia ujumbe na sioni kama umeusoma, kwa hivyo nakujibu hapa mbele ya watu wote. Majina na mahali nimegeuza. Mumeo akisoma atajijua.

Risasi umeziweka juu ya jiko? Juu ya moto, mama? Nyakerario alikukosea nini? Umekimbia kifo kwenye meza yako ukakiweka darini kwa rafiki yako, na yeye anapika chini yake kila siku akidhani ni dawa ya ng'ombe. Nimesoma hapo nikasimama. Mpigie simu sasa hivi. Mwambie ukweli wote, azime moto, atoe watu wote jikoni, na mtu yeyote asiguse huo mkebe wala asijaribu kuushusha. Akikutukana, nyamaza, umestahili.

Umefanya? Sasa tuendelee.

Leseni ya bunduki si ng'ombe, hairithiwi. Hupewa mtu mmoja kwa jina lake, na huyo mtu akizikwa, imekwisha. Walichotundika ukutani pale ni kumbukumbu ya marehemu tu. Maana yake arap Chumo hana ruhusa ya ile bunduki, mumeo hana ruhusa ya kuitengenezea hata msumari, na wewe, uliyebeba risasi kwenye kitambaa ukapita nazo barabarani, huna ruhusa pia. Mmeingia wote. Na kuwinda nchi hii kulipigwa marufuku kabla wewe hujazaliwa, kwa hivyo msinieleze habari za fisi. Fisi wana ofisi yao. Chumo apige ripoti kwa watu wa wanyamapori na aimarishe boma lake, kama wanavyofanya majirani zake wasio na bunduki.

Kuhusu ufundi. Nimempigia bwana mmoja aliyestaafu kazi ya kulinda wanyama porini, mtu aliyeshika bunduki miaka mingi. Nikamsomea maneno ya mumeo, ile "ikiingia ni yake". Akaniuliza, "Huyo bwana bado ana macho yote mawili?" Akasema amewahi kumbeba mwenzake aliyetia risasi iliyoingia vizuri kabisa, bila kulazimishwa, na haikuwa yake.

Phelix, wewe sasa, maana najua gazeti litakufikia. Beringi isiyo yake hupiga kelele, unazima mashine, unacheka, unatafuta nyingine. Risasi isiyo yake haikupi nafasi ya kuzima kitu. Bunduki inapasuka hapo hapo, nawe shavu umelilaza juu yake. Hiyo desturi yenu ya fundi kuwasha kwanza ni nzuri kiwandani, ambako kitabu cha mashine kipo na mkubwa wa zamu yupo. Huku uko peke yako na bati ulilokunja kwenye meza ya ugali, na risasi ambazo hata aliyezileta hataji zilikotoka. Halafu unamkaba ndugu yako wa tumbo moja mbele ya majirani! Huna haya? Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mama, sikiliza utaratibu. Leo, si kesho, mwambie Phelix ni wewe uliyechukua, na umwambie Clifford akiwepo. Itakuwa vita, najua. Afadhali vita vya maneno leo kuliko Clifford kuondoka na jina la mwizi. Kisha tafuteni wakili. Kericho mawakili wamejaa, na kama mfuko umetoboka ulizeni kanisani, yule mchungaji aliyekuambia muombe ana waumini wanaojua sheria. Muende kituo cha polisi pamoja na wakili, mseme kila kitu kilipo, polisi wenyewe waende wakachukue. Msibebe chochote mkononi. Sikuahidi kwamba watawakaribisha chai. Nakuambia tu kwamba anayefika mwenyewe akiwa na wakili husikilizwa tofauti na anayefuatwa nyumbani.

Na kabla ya kituo, pitieni kwa Chumo. Hapa ndipo ulipolilia zaidi, nami nimekuelewa. Mtu aliyewafunika na turubai mtoto wenu akiwa bado ananyonya hamwezi kumwacha ashtuke akiona gari la polisi langoni. Nendeni wote wawili, mkae chini, Phelix aseme kwa mdomo wake, "Mzee, hii kazi siifanyi, na bunduki tunaomba uirudishe serikalini nasi tukiwa kando yako." Akikubali, mnakwenda naye. Akikataa, mnakwenda bila yeye, na mnamwambia hivyo usoni.

Mama mkwe anasema mke mzuri hamtangazi bwana. Mwambie mimi nimesema mke mzuri pia hamzikishi bwana kwa aibu ya kusema hapana.

Chumo aliwaficha ili muishi. Hakuwaficha ili Phelix aje kumlipa na uso wake, na kama yeye mwenyewe amesahau hilo, mkumbusheni. Atakasirika, huenda asiwasalimie mpaka Krismasi. Mwacheni akasirike akiwa mzima, nanyi mtamwomba msamaha mkiwa wazima.