Inchi Hamsini na Tano za Mwanaisha

Jumatatu, 7 Julai

Madera matatu yamekwisha. La nne limebaki pindo. Mama hakuja tena leo.

Zamani adhana ya alasiri ikishapita alikuwa akija na ukili wake wa mkeka, akaketi kando ya cherehani yangu, akasuka mpaka magharibi. Tamthilia ikawa inakwenda katika TV yangu ya kisogo, ile nene nyuma. Sasa avuka ua, hatua ishirini, aenda kwa Mwanaisha. Mdogo wangu. Mumewe afanya kazi hotelini Diani, na mwezi uliopita alimletea TV ya inchi hamsini na tano. Kijiji kizima cha Waa kimeisikia habari yake.

Nawasikia wakicheka. Mume wangu alikwenda mbele ya haki, binti zangu wameolewa Mombasa. Aliyebaki wa kukaa nami ni Mama. Naye kachukuliwa na TV.

Nina wivu. Naandika wazi kwa kuwa daftari halinisuti.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa Mwanaisha kuazima chumvi. Chumvi ninayo, kopo zima.

TV imeziba ukuta. Watu wa ndani yake wana vichwa kama mitungi. Mama kaketi karibu, Mwanaisha kajibana ubavuni mwake, wananong'ona kama maharusi. Nikauliza, "Shikamoo Mama. Picha yaonekana vizuri?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi."

Basi. Nimejua adui yangu ni nini. Nitanunua yangu, tena bora kuliko hiyo. Tutaona nani ataazima chumvi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda Ukunda mjini. Duka limejaa TV, zote zaonyesha kasuku na maua. Kasuku yule nimeweza kumhesabu manyoya.

Muuzaji ni jamaa wa bara. "Hii ni 4K, mathe. Iko clear kuliko macho yako." Mathe! Hata salamu hakuna. Inchi thelathini na mbili, kibandiko cha 4K kinang'aa kwenye boksi. Roho iliitamani, nikashika mkoba. Lakini mimi ni fundi nguo. Kitambaa sikinunui kabla ya kukigeuza ndani. Nikapiga picha ubavu wa boksi, pale penye maandishi madogo, nikaondoka. Muuzaji kanuna.

Jumamosi, 12 Julai

Nimempelekea picha ile fundi Hamisi, anayetengeneza redio na TV hapa barabarani. Kacheka mpaka kakohoa.

Kasema picha ya TV ni vitone. Vikiwa vingi picha huwa laini, kama mshono wa sindano ndogo. 4K ya kweli boksi lake huandikwa 3840 kwa 2160. Hili la jana limeandikwa 1366 kwa 768. Yaani TV hiyo yapokea video ya 4K, lakini kioo chenyewe hakina vitone hivyo. Kibandiko si uongo, kasema, ila kimekaa kimya juu ya la maana. Wallahi, nilikuwa nimeliwa.

Na kasuku? Video ya dukani, imetengenezwa kwa kazi hiyo. Stesheni zetu hazirushi 4K. TV ikipokea picha hafifu huinyoosha tu, na kadiri kioo kilivyo kikubwa, ndivyo kasoro zinavyotokeza. Kanambia nikienda tena niwaambie wafungue stesheni ya kawaida, ile nitakayoitazama kila siku. Na nipime pa kukaa. Ukikaa mbali na kioo kidogo, vitone hivyo vyote ni kazi bure, jicho halivitofautishi.

Kwa hiyo TV ya Mwanaisha yanyoosha picha hafifu, na Mama yuko puani mwake. Nimerudi nyumbani naimba. Ee Mola nisamehe, nimefurahi kweli.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepima kwa futi yangu ya kushonea. Kiti cha Mama hapa kwangu mpaka ukutani ni mita moja na nusu. Fundi asema hapo inchi arobaini na tatu yatosha, 4K ya kweli, na picha ya stesheni haitachanika sana. Kwangu Mama ataona kuliko kwa Mwanaisha. Si maneno yangu, ni hesabu.

Nimeuza cherehani ya pili. Mwanaisha kauliza mbona yabebwa. Nikamwambia yaenda kutiwa mafuta.

Alhamisi, 17 Julai

Imefika! Dukani nimesoma boksi tarakimu kwa tarakimu. Nikawaambia zima kasuku, fungua taarifa ya habari. Jamaa wa bara leo kaniita mama.

Baada ya alasiri nikamfuata Mama mwenyewe, nikamshika mkono, nikamketisha. Uso wa yule mwigizaji mama mkwe, kila kunyanzi mahali pake. "Mama, picha waionaje?" "Alhamdulillahi, picha nzuri." Nikashona mbio kwa furaha. Hatukusema neno mpaka magharibi.

Mwanaisha alipita mlangoni mara mbili. Nilimwona. Nikaongeza sauti.

Ijumaa, 18 Julai

Hakuja.

Jumamosi, 19 Julai

Hakuja. Nimemkuta kisimani nikamuuliza TV yangu ina ubaya gani. "Haina ubaya, mwanangu. Alhamdulillahi." Kisha huyo, kwa Mwanaisha.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Changu hakikuwa kinyemi hata siku mbili. Nimeongeza mwanga, nimepunguza, nimesogeza kiti. Nimejidunga sindano kidole cha shahada. Namchukia Mwanaisha. Namchukia na TV yake na mumewe na hoteli ya mumewe.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda kugombana. Bila chumvi.

Mlango ulikuwa wazi. Mama asuka ukili, vidole vyenda peke yake, uso kaugeuza pembeni ya kioo. Mwanaisha anamsimulia sikioni. "Sasa aingia bwana. Kavaa kanzu. Yule mke kamwona, kanuna, kageukia dirishani." Mama acheka. "Na yule mdogo?" "Kajificha nyuma ya pazia."

Nikaingia mpaka katikati ya chumba. Mama akaniangalia uso mzima. Akauliza, "Nani huyo?"

Mwanaisha akasema, "Ni dada."

Jumatatu, 21 Julai

Macho ya Mama, tangu Ramadhani. Ukungu kwanza, kisha ukungu mzito. Aona mwanga, aona kivuli. Ua auvuka kwa mazoea. Mwanaisha alijua, akaapishwa asiniambie.

Na mimi nilimuuliza waona, akasema alhamdulillahi, nikatosheka. Kwetu mgonjwa aliye taabani husema alhamdulillahi. Nani asiyejua? Neno hilo ni shukrani. Mimi nililichukua kuwa ndiyo, nikauza cherehani kwa ajili yake.

Leo nimemuuliza kwa nini amwambie Mwanaisha asiniambie mimi. Kasema bila ukali, "Kwako nikiuliza nani huyo aliaye kwenye TV, wasema si utazame mwenyewe. Nikaona haya kuuliza tena."

Nilisema hivyo. Mara nyingi. Nilikuwa nahesabu mishono.

Bado nina wivu, na leo ni mbaya zaidi. Mwanzo nilidhani ni ukubwa wa kioo.

Alhamisi, 24 Julai

Jumanne ijayo hospitali ya macho. Daktari wa zahanati aona ni mtoto wa jicho, huenda ukungu huo ukatolewa. Twenda sote watatu. Mwanaisha ndiye aliyepanga gari, nami nikasema ahsante.

Alasiri Mama kaja mwenyewe, mkono ukutani. Nimezima cherehani. Nimeketi chini, karibu na goti lake.

Mwanzo sikujua kusimulia. Nikasema, "Yule, yule wa jana, kaingia." Mama akasema, "Mwanaisha husema polepole." Roho ikanichoma. Nikasema polepole.

Mke mdogo kavaa gauni la buluu, mkono wa kushoto umeshonwa vibaya, wamvuta begani. Mama mkwe kashika kikombe lakini hanywi. Mama kacheka kwa lile la mkono. Kaniuliza vifungo vya rangi gani. Nikamwambia.

Tamthilia ilipokwisha hakuinuka. Akauliza, "Na wewe leo umevaa nini?"

Nikamwambia dera la kijani, lile la zamani. Akalishika pindo lake kwa vidole, akalifuata mpaka mwisho.